Mjibu Mteja Kabla Hajaja Inbox

Mfanyabiashara anaweka picha ya gauni Instagram. Picha imepigwa vizuri na mshono unaonekana. Chini yake watu wanauliza jambo moja tu: bei gani? Kila mmoja anajibiwa, "Njoo inbox." Wachache wanakwenda. Wengi wanapita zao, maana mtu akifichwa bei huhisi kwamba anapimwa mfuko kwanza ndipo atajiwe.

Watu wa masoko wakikutana siku hizi huzungumzia zaidi akili unde, algoriti na video fupi. Mambo hayo yana uzito wake na nitayafikia. Lakini kwa duka, karakana, saluni au kampuni ndogo ya Afrika Mashariki, naamini swali lililo juu ya yote ni hili la inbox: uko tayari kumwambia mteja hadharani kile anachotaka kujua, kabla hajakupa hata shilingi?

Kutafuta wateja kwa maudhui maana yake ni hiyo. Biashara inatoa bure maandishi, picha, video au kipindi kinachomsaidia mtu kuelewa jambo na kuamua vizuri, ikitumaini kwamba akifika wakati wa kununua atamkumbuka aliyemsaidia. Kazi hii ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1895 kampuni ya zana za kilimo ya John Deere, Marekani, ilianza kutoa jarida la wakulima, The Furrow, ambalo bado lipo. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa waliokuwa wakitengeneza matairi, André na Édouard Michelin, waligawa bure kitabu cha madereva chenye ramani, maelezo ya kubadili tairi, na mahali pa kupata petroli na malazi. Ufaransa nzima wakati huo haikuwa na magari 3,000. Hesabu yao ilikuwa wazi: watu wakisafiri zaidi, matairi yataisha zaidi. Huku kwetu, tangu 2012 kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up cha Kenya kimekuwa kikiingia katika mashamba ya wakulima wadogo na kurekebisha mabanda, mazao na mifugo mbele ya kamera, huku kampuni zenye bidhaa za kilimo zikiwa miongoni mwa wanaochangia gharama. Mkulima anapata somo, na kampuni inapata kukumbukwa siku ya kununua mbegu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, unatoka katika biashara ambayo wengi wetu hatutaifanya kamwe. Marcus Sheridan na wenzake wawili walikuwa na kampuni ya kujenga mabwawa ya kuogelea, River Pools and Spas, katika jimbo la Virginia, Marekani. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipoanza, waliokwisha kuweka malipo ya awali wakaanza kudai fedha zao, na kampuni ikakaribia kufilisika. Fedha za matangazo ya redio na televisheni hazikuwepo tena. Mwaka 2009 Sheridan akaanza kukaa usiku kuandika majibu ya maswali ambayo wateja walikuwa wakimuuliza miaka yote. Moja ya maswali ya mwanzo lilikuwa: bwawa la faibaglasi ni bei gani? Wajenzi wenzake hawakuligusa, kwa hoja kwamba bei inategemea. Yeye alikubali kwamba inategemea, kisha akaeleza inategemea nini, na mtu ajiandae na kiasi cha kutoka wapi hadi wapi. Kwa kuwa wengine walikaa kimya, aliyeuliza Google alifikishwa kwake. Kufikia 2013 Sheridan alikuwa akieleza kwamba makala ile moja imemletea mauzo ya dola milioni 1.7 au zaidi.

Hakuishia kwenye bei. Aliandika matatizo ya mabwawa ya faibaglasi, bidhaa anayoiuza mwenyewe. Aliandika pia orodha ya wajenzi wazuri wa eneo lake, yaani washindani wake. Mtu aliyekuwa akitafuta habari za washindani hao alijikuta anazisoma kwa Sheridan, na akiwa pale alijiuliza: kama huyu ananiambia hata haya, mengine atanificha ya nini?

Wafanyabiashara wa kwetu wana mapingamizi, nami siyapuuzi. Wanasema washindani wataiona bei. Washindani wanaijua tayari; wamekwisha kumtuma kijana aulize kama mteja. Wanasema bei hubadilika kila dola inapopanda. Basi andika bei pamoja na tarehe, useme ni ya mwezi huo. Wanasema watu wetu hupatana bei. Ni kweli, na kupatana kunaanzia mahali. Kiwango kilichotajwa wazi humzuia yule ambaye hawezi kukifikia asikupotezee saa nzima ya maongezi, na humpa moyo yule aliyedhani huuzi kwa watu kama yeye.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mafundi wa oda, kwamba kila kazi ina bei yake. Lakini fundi huyo ndiye mwenye mengi zaidi ya kueleza. Anaweza kuandika: gauni la harusi linaanzia kiasi hiki kwa kitambaa chako mwenyewe, likitiwa shanga kwa mkono linaongezeka kiasi hiki kwa sababu kazi hiyo inachukua siku tatu, ukilitaka ndani ya wiki moja kuna nyongeza ya haraka, kwa kuwa nitalazimika kusogeza kazi za wengine. Hapo hajajifunga kwa bei moja. Ameonyesha jinsi fedha inavyogeuka kuwa kazi, na mteja akija atakuwa anajua anachokilipia. Inbox ibaki kwa mambo ya siri kweli, kama yanayohusu afya ya mtu au vipimo vya mwili wake.

Tuchukue biashara nyingine tuone andiko lenye manufaa linafananaje. Muuza vifaa vya sola Mwanza husikia kila siku: "Paneli ya wati 100 itanitosha?" Anaweza kuposti picha ya paneli na maneno "Tunauza sola bora kwa bei nafuu", kama majirani zake. Au anaweza kuandika hivi: kwa jua la kwetu, lenye nguvu kamili kwa saa tano hivi kwa siku, paneli ya wati 100 ingetoa wati-saa 500. Toa vumbi, joto na umeme unaopotea kwenye waya na betri, uhesabu 350. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula 100. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa nne inakula 160. Jumla 260, na kinachobaki kitachaji simu za nyumbani. Lakini pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula 500 peke yake, kwa hiyo kwa mtambo huu pasi usiitarajie.

Andiko hilo litamrudisha nyumbani mteja aliyetaka kupiga pasi. Ni heri. Angenunua, paneli ingemshinda, angerudi dukani kugomba na kuwasimulia mtaa mzima. Yule mwenye taa nne na televisheni, kwa upande wake, atakuja akiwa amekwisha kuamua, na atakuja kwa aliyempigia hesabu.

Mada za kuandika hazitafutwi mbali. Ziko kwenye simu yako, katika mazungumzo ya WhatsApp ya miezi michache iliyopita. Pitia, unakili kila swali kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya mteja mwenyewe, hata kama si Kiswahili cha darasani. Mteja akiandika "friji haigandishi", kichwa cha makala yako kiwe hicho hicho, si "Changamoto za mifumo ya upozaji", kwa sababu hayo ya pili hakuna atakayeyaandika anapotafuta msaada. Swali likijirudia mara nyingi, limejichagua lenyewe.

Sasa akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita. Imezua mijadala miwili ambayo watu huichanganya.

Wa kwanza unahusu wasomaji. Mei 2024 Google ilianza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani majibu yaliyoandikwa na mashine juu ya matokeo ya utafutaji, na Oktoba mwaka huo ikatangaza kuyapeleka katika nchi zaidi ya 100. Mtu anauliza, anajibiwa palepale, na wengi hawaendi mbele zaidi. Utafiti wa Pew Research Center uliofuatilia matumizi ya Wamarekani Machi 2025 uliona kwamba walipokutana na muhtasari wa mashine, walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 ya utafutaji. Usipokuwepo, asilimia 15. Njia ya Sheridan inatikiswa hapa: unajibu swali kwa uangalifu, mashine inalichukua jibu, na msomaji hafiki kwako.

Wapo wanaosema kwamba makala zimekufa. Kilichokufa, kwa maoni yangu, ni makala ya maarifa ya jumla iliyokusanywa kutoka makala nyingine za jumla: "Faida tano za sola", "Umuhimu wa usafi wa ngozi". Hiyo mashine inaiandika kwa sekunde. Haijui bei ya duka lako wiki hii, vipuri ulivyonavyo, wala jinsi chumvi ya upepo wa Tanga inavyokula mabati baada ya miaka michache. Ikibahatisha, huweza kuaibisha: majuma ya mwanzo ya majibu yale ya Google, mtu mmoja alishauriwa kutia gundi kwenye pizza ili jibini ishike. Kwa hiyo tia ndani ya maudhui yako mambo ambayo ni lazima mtu awe amefanya kazi hiyo, mahali hapo, ili ayajue. Taja mtaa, kiasi, tarehe, picha uliyoipiga mwenyewe. Na kabla ya hayo yote, kama hujafanya, andikisha biashara yako kwenye ramani ya Google. Ni bure. Weka saa za kufungua, simu inayopokelewa, na picha ya mbele ya duka ili dereva wa bodaboda alitambue.

Mjadala wa pili unahusu mwandishi. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, biashara nyingi zimeiachia mashine kazi yote ya kuandika. Mwanzoni mwa 2023 tovuti ya habari za teknolojia ya CNET iligundulika kuwa imechapisha makala kadhaa za fedha zilizoandikwa kwa msaada wa mashine. Moja ilidai kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwaka ukiisha utakuwa umepata faida ya dola 10,300. Faida ni dola 300. Mwanafunzi wa shule ya msingi angeiona kasoro hiyo, lakini sentensi ilikuwa imenyooka, na sentensi iliyonyooka humlaza mhariri.

Google yenyewe ilisema mwaka 2023 kwamba haijali maudhui yameandikwaje, inajali yanamfaa nani. Machi 2024 ikaongeza kanuni dhidi ya wanaozalisha kurasa kwa wingi bila manufaa yoyote kwa msomaji. Nakubaliana na msimamo huo. Mashine inaweza kukusaidia kupanga mawazo, kusahihisha tahajia au kufupisha maelezo marefu. Isikutungie takwimu, bei, ushuhuda wa mteja wala maelezo ya dawa. Katika Kiswahili kuna hatari nyingine: mashine hupenda lugha ya "tumejizatiti kukuletea suluhisho bunifu", ambayo hakuna anayeisema Kariakoo wala Kongowea. Kama kuandika ni kazi ngumu kwako, jirekodi ukimweleza mteja kwa sauti, kisha uyaandike maneno hayo na kuyasafisha kidogo. Biashara yako itasikika kama wewe.

Mada inayofuata watu huikumbuka wakati wa dhiki tu: ukurasa wako wa Facebook, TikTok au Instagram si mali yako. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za biashara, na wengi waliokuwa wamejenga wafuasi kwa miaka wakajikuta hawaonekani bila kulipia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa saa sita hivi duniani kote. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, na Tanzania ikazuia X Mei 2025. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda wetu. Sababu ni tofauti kila mara, lakini aliyeumia zaidi kila mara ni yule ambaye wateja wake wote walikuwa sehemu moja.

Kinga ni daftari. Kila anayenunua, mwombe jina na namba, mweleze utamtumia nini na mara ngapi, na umwandike akikubali. Meseji ya kawaida hufika hata kwenye simu ya kitochi na hata bando likiisha. WhatsApp Business, ambayo kuipakua ni bure, ina katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka na alama za kupangia wateja. Kwa biashara ndogo vinatosha kwa muda mrefu. Usimtumie mtu ujumbe kila siku. Mara moja kwa wiki, wenye kitu cha kumfaa, na njia rahisi ya kusema "niondoeni".

Nimesema akikubali kwa sababu sasa ni suala la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili huko. Kenya sheria yake ni ya 2019, na imekwisha kuuma. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wenye saluni, kumbi na shule wanapenda sana kuposti nyuso za wateja. Ombeni ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, na mtu akibadili nia ifuteni picha siku hiyohiyo. Wenye dawa nao wakumbuke kwamba Tanzania tangazo la dawa linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na "kuposti tu" ni kutangaza.

Kuhusu watu maarufu wanaolipwa kusifia bidhaa nitasema kidogo. Mwenye wafuasi elfu tano wanaomwamini katika jambo moja, kwa mfano ufugaji wa kuku, mara nyingi atakufaa kuliko mwenye milioni wanaomfuata kwa vichekesho. Aseme wazi kwamba amelipwa. Maoni ya kununua, yale ya "huduma nzuri sana, nyota tano" yanayoandikwa na watu ambao hawajafika dukani, ni udanganyifu. Marekani imeweka kanuni mahsusi ya kuyakataza tangu Oktoba 2024, na mteja wa kwetu huyatambua upesi bila kanuni.

Video fupi au ndefu? TikTok, iliyosifika kwa sekunde 15, iliruhusu dakika 3 mwaka 2021 na dakika 10 mwaka 2022. YouTube ikarefusha Shorts zake hadi dakika 3 Oktoba 2024. Walioanzisha ufupi wenyewe wanaongeza urefu. Acha swali liamue: kufunga kilemba kunaonyeshwa kwa nusu dakika, hesabu ya sola inahitaji maandishi ambayo mtu anaweza kuyarudia. Weka maandishi juu ya video, kwa kuwa wengi huangalia bila sauti wakiwa kwenye daladala au matatu, na kumbuka kwamba mwenye bando dogo husoma aya tatu kwa gharama ndogo sana kuliko video moja.

Baada ya miezi mitatu utataka kujua kama kazi hii inalipa. Usihesabu likes kwanza. Kila mteja mpya muulize, "Umetufahamuje?" na uandike jibu lake karibu na kiasi alichonunua. Angalia pia kama maswali ya inbox yamebadilika. Wakiacha kuuliza "bei gani?" na kuanza kuuliza "mnafungua saa ngapi Jumamosi?", maudhui yameanza kufanya kazi. Makala isiyomleta mtu usiifute haraka. Iandike upya kwa kichwa cha swali lingine, kisha uisubiri. Na kila mwanzo wa mwezi pitia zote ulizokwisha kutoa, usahihishe bei, namba za simu na bidhaa zilizokwisha, maana mteja aliyekuja kwa bei ya mwaka jana atakudai bei hiyo, na haki itakuwa upande wake.